Mlimau wa uani: kutoa teruma na zaka katika Nchi ya Israeli

Ukinunua nyanya kwenye duka lenye cheti cha kosher, yaani cha chakula halali kwa Wayahudi, ambacho hakijapitwa na tarehe, zaka imeshatolewa na huna la kuongeza. Kazi ipo kwenye mlimau wa uani, kwenye kapu uliloletewa na jirani kutoka shambani kwake, na kwenye kibanda cha kando ya barabara kisicho na cheti. Mazao ya Myahudi yaliyoota katika Nchi ya Israeli na hayajatolewa zaka huitwa teveli, na teveli hailiwi wala hainywewi kama juisi. Uyoga haumo, kwa sababu haupati chakula chake ardhini kama mimea mingine.

Kiasi kinachotengwa leo ni zaidi kidogo ya asilimia 1, na wengi hushangaa zaka imekwenda wapi. Hesabu yake ni hii: Mlawi, mtu wa kabila la Lawi, hupewa sehemu ya kumi (zaka ya kwanza), naye hutoa sehemu ya kumi ya hiyo kwa kuhani, yaani 1 kati ya 100; hiyo ndiyo teruma ya zaka. Teruma kuu, fungu jingine la kuhani, kwa Torati, haina kiwango cha chini, hata chembe inatosha. Siku hizi, bila Hekalu na bila utakaso, kuhani hawezi kula mafungu hayo mawili, basi hayo tu ndiyo hutolewa na kutupwa kwa heshima. Yaliyobaki hutajwa kwa maneno na kubaki kwenye rundo, ikiwemo zaka ya pili, ambayo zamani mwenyewe aliila Yerusalemu na leo hukombolewa kwa sarafu.

Weka kila aina peke yake. Chungwa halilitolei limau zaka, na mazao ya mwaka huu hayayatolei ya mwaka jana. Kwa kilo 5 za malimau unahitaji zaidi ya gramu 50. Kata nusu ya limau kubwa na kipande juu yake, usibane. Kosa linaloharibu kila kitu ni kuchukua limau la dukani, ambalo limeshatolewa zaka, ili limalize deni la yale ya uani. Kisicho na deni hakilipi deni la kingine.

Kama una hakika ni teveli, soma baraka kwanza. Kama una shaka, ruka baraka. Kisha tamka kwa lugha unayoielewa:

“Kilichozidi moja ya mia hapa ni teruma kuu, upande wake wa kaskazini. Ile moja ya mia iliyobaki hapa, pamoja na sehemu nyingine 9 kama hiyo upande wa kaskazini wa mazao, ni zaka ya kwanza. Ile moja ya mia niliyoifanya zaka ni teruma ya zaka. Zaka ya pili ipo upande wa kusini, nayo pamoja na nyongeza yake ya sehemu ya tano imekombolewa kwa peruta moja ya sarafu niliyoitenga. Kama mwaka ni wa zaka ya maskini, basi hiyo ya kusini ni zaka ya maskini.”

Kaskazini na kusini si mapambo. Fungu lisipopewa mahali pake, hujui ni lipi.

Sarafu ni ile uliyoiweka kwa kazi hii tu. Peruta, kipimo kidogo cha kale cha pesa, ina thamani ya takriban gramu 0.025 za fedha, hivyo sarafu moja hubeba peruta kadhaa, kisha hujaa. Ikijaa, utakatifu wake huhamishiwa kwenye kitu kidogo chenye thamani ya peruta, kwa mfano sukari, ambayo huyeyushwa majini na kumwagwa. Sarafu hiyo ibandike karatasi au itie kwenye kopo lenye jina, la sivyo mtoto atainunulia peremende.

Mwaka wa 1, 2, 4 na 5 wa mzunguko wa shemita una zaka ya pili; wa 3 na wa 6 ni wa maskini; wa 7 ni shemita yenyewe, mwaka wa kupumzisha ardhi. Mwaka 5786 wa kalenda ya Kiyahudi, ulioanza Septemba 2025, ni wa 4. Shemita ijayo ni 5789, kuanzia Septemba 2028. Mboga hufuata siku ya kuvunwa, mwaka wake ukianza 1 Tishri, ilhali matunda ya miti huanza mwaka wake 15 Shevati. Katika mwaka wa maskini, kwa teveli ya hakika, maskini apewe fungu lake kwelikweli.

Vipande vilivyotengwa vifunge ndani ya mifuko miwili, kisha vitie kwenye pipa. Visitupwe vitupu kwenye uchafu.

Sabato hairuhusu kutoa zaka, kwani ni kukitengeneza chakula. Ndiyo maana Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inamtaka mwenye nyumba aulize Ijumaa jioni: mmetoa zaka? Ukisahau, malimau yatasubiri hadi Jumamosi usiku. Siku isiyo Sabato, hata hivyo, matunda ya mti wako unaweza kuyachuma moja moja na kula papo hapo kabla hujayakusanya.

Mlimau usiotimiza miaka 3 hautengenezeki kwa zaka: matunda yake ni orla, hayaliwi kabisa. Na matunda ya Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, hayana deni hili, maana hayajaota katika Nchi. Orla, hata hivyo, inawahusu.

Supu ikishapikwa na teveli, toa zaka kutoka ndani yake ndipo ule. Sufuria ichemshwe kwa utaratibu wa kosher. Chungu cha udongo hakitakaswi kwa kuchemshwa.