Kadi ya maili kwa anayehamia ng'ambo
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaohamia ughaibuni, kadi ya maili, yaani ya kukusanya pointi za safari za ndege, chagueni kwa ndege mtakazopanda mkishafika kule, si ile ya kuwatoa Dar mara moja. Anayehamia Ujerumani akipanda Ethiopian anaweza kuingiza maili kwenye Miles & More ya Lufthansa, kwani zote zimo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege yanayopokeleana maili. Emirates haimo kwenye muungano wowote. Air Tanzania nayo haimo, hivyo kipande cha Mtwara–Dar msikihesabu.

Kabla ya kulipa, tazameni ile herufi ya daraja la nauli kwenye tiketi: tiketi za bei chee mara nyingi huingiza maili kiduchu au sifuri. Pasipoti ikiwa na majina matatu na kadi mawili, maili zinaweza kugoma. Pasi ya kupandia ndege msiitupe mpaka mzione zimeingia.