SUV ya dizeli iliyotumika: futa ekzosi kabla ya kuongea bei

Fundi mmoja kanionyesha hili, nimeona nisilikalie. Injini ikiwa imezimwa na ekzosi imepoa, futa ndani ya mdomo wake kwa kitambaa cheupe. Kichujio cha masizi (DPF) kikiwa kizima, kitambaa hutoka kisafi au na ukijivu kidogo tu, kwa sababu masizi hunaswa na kuunguzwa humo kabla hayajafika nje. Kikitoka cheusi tii, shuku kwamba kichujio kimepasuka, au kimeng'olewa na kompyuta ya gari ikachezewa ili taa ya onyo kwenye dashibodi isiwake. Gari la namna hiyo utalipata kwa bei poa, lakini siku ya kuliuza mnunuzi anayejua naye atafuta, na penye ukaguzi mkali wa moshi halipiti.

Angalia usifute pambo: SUV nyingi za kifahari zina midomo ya bandia kwenye bampa, bomba lenyewe limejificha chini. Kipimo hiki hakifai kwa dizeli za zamani zisizo na DPF, wala ekzosi iliyooshwa juzi. Pia hakionyeshi kichujio kilichoziba. Hicho huacha bomba safi vilevile, kwa hiyo mashine ya kusoma kompyuta bado unaihitaji.