Namna ya Kuandika Riwaya ya Msichana na Jamaa Yake katika Tabora ya Enzi ya Ubaguzi wa Rangi

Mwandishi anayetaka kusimulia maisha ya msichana chini ya ubaguzi wa rangi hapa Tabora aanze na nyumba, kisha ndipo aufikie ubaguzi. Msomaji haumizwi na dhuluma wanayotendewa watu asiowajua. Kwa hiyo kurasa za mwanzo ziwe za jamaa yenyewe: nani huamka kwanza kuwasha moto, nani hudekezwa na nani, bibi anayemwita mjukuu wake "mke mwenzangu" na kugombana naye kwa utani juu ya babu, shangazi anayeshuka kwenye treni kutoka Kigoma na furushi la migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, pamoja na habari za misiba ya Ujiji, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, inayochemshwa asubuhi kabla ya watoto kwenda shule. Ukishaijenga nyumba ambayo msomaji angependa kukaribishwa, kila mlango utakaofungwa mbele ya watu wa nyumba hiyo atauona umefungwa mbele yake.

Chagua miaka yako mapema na uishikilie. Mimi hupendekeza kuanzia 1954, mwaka ilipozaliwa TANU, hadi mwanzoni mwa 1962, kwa kuwa katika muda huo msichana mmoja anaweza kukua kutoka utoto hadi ujana huku nchi nayo ikibadilika mbele ya macho yake. Nchi hiyo ni Tanganyika, iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na utawala wa Uingereza. Jina la Tanzania lisionekane mahali popote.

Hapa ndipo waandishi wengi wachanga hupotea, kwa sababu ubaguzi wanaoujua wameusoma katika vitabu vya nchi nyingine. Kusini mwa Marekani utengano uliandikwa katika sheria za majimbo, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliubariki kwa hoja kwamba huduma zaweza kutengwa mradi ziwe sawa. Afrika Kusini, baada ya 1948, zilitungwa sheria za kupanga nani akae wapi, nani abebe kitambulisho gani na nani asome nini. Ukiyachukua mambo hayo na kuyapandikiza katika mitaa yetu ya Isevya au Ng'ambo, wazee watakaoisoma kazi yako watajua mara moja kwamba hukuuliza mtu. Kwetu ubaguzi ulipitia zaidi katika utaratibu wa ofisi, mishahara, viwanja na madaraja ya huduma. Shule ziligawanywa katika mifumo mitatu, wa Wazungu, wa Waasia na wa Waafrika, na fedha iliyotumika kwa kila mtoto haikulingana hata kidogo. Hospitali zilikuwa na sehemu zake za Wazungu. Miji ilipangwa hivi kwamba watu wenyewe wakaziita sehemu zake Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mtoto hakuhitaji kibao chochote kumwambia mguu wake ukome wapi.

Mpe baba wa msichana kazi katika reli. Nasema hivi kwa kusisitiza, kwa kuwa hakuna kitu kilichouonyesha mpangilio wa rangi mjini Tabora kwa uwazi zaidi ya reli. Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na chini ya Waingereza mji ukawa njia panda, kwa kuwa tawi la kwenda Mwanza linaanzia hapa. Katika reli kila mtu alikuwa na daraja lake: cheo, mshahara, nyumba aliyopewa, hata behewa aliloketi alipokwenda likizo. Bei ya tiketi ndiyo iliyowafungia Waafrika wengi katika daraja la tatu, na hapo mwandishi ana nafasi nzuri ya kuonyesha ubaguzi usiotamka jina lake. Mwache msichana asafiri na mama yake kwenda Kigoma kumwona bibi mgonjwa. Apite Urambo, ambako mashamba makubwa ya karanga yaliyoanzishwa na serikali ya Uingereza baada ya vita yalikwisha kushindwa. Anunue vitu dirishani pale treni inaposimama. Anapokwenda kuchota maji stesheni, apite pembeni mwa behewa la mbele na kuona vitambaa vyeupe mezani. Asieleze chochote, aone tu, arudi mahali pake, amuulize mama swali moja ambalo mama atalijibu kwa kumpa andazi.

Mimi naiona nafsi ya kwanza kuwa bora kwa riwaya ya namna hii, mradi uheshimu umri wa msimulizi. Mtoto wa miaka 10 hasemi "mfumo dhalimu". Husema kwamba kule hawaendi. Anajua baba yake ni mtu mkubwa, kwa sababu majirani humjia kusuluhishwa na vijana humwamkia "shikamoo" kwa kuinamisha kichwa. Siku atakapompelekea chakula kazini na kumsikia kijana wa Kizungu akimwita baba huyo "boi", tukio hilo liandikwe kwa utulivu mkubwa. Baba asitoe hotuba. Apokee chakula, amwambie binti awahi nyumbani, na jioni awe mkali kupita kawaida kwa jambo dogo kama taa iliyoachwa ikiwaka. Msichana ataunganisha mambo mawili hayo baada ya miaka, au msomaji atayaunganisha kwa niaba yake.

Usiwafanye Waasia kuwa maadui wa kuchorwa kwa mstari mmoja. Mwenye duka alikuwa juu ya mteja wake Mwafrika na chini ya Mzungu, na watoto wake nao hawakupokelewa katika shule za Wazungu. Vilevile usiifiche migawanyiko yetu wenyewe. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe na watumwa, kumbukumbu za nani alikuwa mtwana wa nani hazikufutika haraka, na Shule ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920, ililenga kwanza wana wa machifu. Binti wa mfanyakazi wa reli anayeota kuendelea na masomo anapambana pia na baba mdogo anayeuliza kwa nini fedha hiyo isimsomeshe kaka yake.

Januari 1958 mkutano wa TANU uliofanyika hapa hapa Tabora ulijadili kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Julius Nyerere alisimamia hoja ya kushiriki na ikapita; Zuberi Mtemvu, mwanachama aliyeipinga, akajitenga na kuanzisha chama chake. Usiupeleke umma wa wasomaji wako ukumbini. Ulete mgogoro huo sebuleni. Masharti ya kupiga kura yalidai kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Basi kaka aliyemaliza darasa la nane anaruhusiwa, na bibi aliyewalea wote haruhusiwi. Kaka naye anaona aibu kumchagua Mzungu; baba anamwambia kura isiyojazwa kote tatu ni kura iliyoharibika. Sura hii ipewe nafasi pana kuliko zote.

Kuhusu mwisho, ninashauri usiishie usiku wa Desemba 9, 1961 bendera ilipopanda. Endelea hadi Januari 1962, shule zilipoacha kugawanywa kwa rangi. Msichana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1954 sasa anakaribia 18, na nafasi iliyofunguliwa ni ya mdogo wake. Furaha yake na wivu wake viandikwe pamoja.

Kabla ya yote hayo, keti na wazee waliofanya kazi reli na wake zao, uwaulize mambo madogo: sare, king'ora cha zamu, sabuni iliyotumika, adhabu za shuleni. Soma matoleo ya Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la enzi ya ukoloni, upate mwendo wa Kiswahili cha wakati ule, na ukifika Dar es Salaam omba majalada ya Jimbo la Magharibi katika Nyaraka za Taifa. Rasimu ikikamilika, wasomee wazee hao hao kwa sauti na uandike pembeni kila mahali watakapokukatiza.