Somo la Uandishi Lisikupite

Nilisomea kilimo, ila mshahara wangu unatoka kwenye kuandika: ripoti za mashamba, vijikaratasi vya wakulima, maombi ya ufadhili. Nyumbani Malaba hunitania kwamba nilikwenda Kampala kutafuta jembe nikarudi na kalamu. Basi wewe uliyeingia chuo mwaka huu ukakuta stadi za uandishi kwenye ratiba, ngoja nikueleze namna ya kulitumia somo hilo, maana mimi nusura nilitupe.

Kwanza, hudhuria. Kwetu lilikuwa Ijumaa saa nane mchana, ukumbi umejaa pomoni, na mawazo ya wengi yako mtaani Wandegeya kwenye rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Mimi nilikuwa nasaini natoroka. Insha yangu ya kwanza ikarudi na alama 47, aya ya mwanzo imekatwa kwa wino mwekundu kona hadi kona. Nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza cha kujikakamua kwamba tangu enzi za mababu kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Pembeni mhadhiri aliandika neno moja tu: "Wapi?"

Ukipata karatasi ya namna hiyo, ipeleke ofisini kwake. Usiende kulilia alama. Muulize ni sentensi gani iliyompoteza. Yule wangu aliniambia nimsimulie kwa mdomo shamba la shangazi yangu. Nikasimulia: mihogo, nyani, mgogoro wa mpaka na jirani. Akasema, "Sasa hayo ndiyo uandike."

Tangu siku hiyo rasimu ya kwanza naiandika kwa Kiswahili, lugha ninayogombania nayo bei sokoni, kisha ndipo nahamia Kiingereza cha chuo. Kama lugha yako ni Luganda au Ateso, tumia hiyo. Kazi inakuwa mara mbili, najua, lakini hutaandika jambo usilolielewa.

Vyanzo viandike siku ileile unaposoma: mwandishi, mwaka, ukurasa. Ukingoja usiku wa kuamkia kukabidhi, utalia.

Mafunzo ya kazini ndipo somo hili linapoanza kulipa. Sisi tulipelekwa vijijini kufuatilia mnyauko wa migomba, ule ugonjwa wa bakteria ulioripotiwa Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001, huko Mukono. Katika rasimu yangu kulikuwa na sentensi hii: "Usafi wa zana ulizingatiwa na baadhi ya wakulima." Niliisoma kwa sauti, nikaona hakuna mtu ndani yake. Nikaifuta, nikaweka: "Mzee alikata mgomba uliougua, akapitisha panga kwenye moto, ndipo akagusa wa pili. Jirani yake alizunguka shamba zima na panga lilelile, bila kulichoma." Sasa msomaji anaona ugonjwa unavyosafiri. Nikaongeza namna mzee alivyovunja ua dume kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasilitembelee, na kwa nini hakutumia kisu.

Kwenye usaili wa kazi niliambatisha kurasa tano za ripoti hiyo. Mama mmoja upande wa pili wa meza alizifunua, akauliza, "Huyu jirani mwenye panga moja, migomba yake iliishia wapi?" Tuliongea juu ya jirani karibu nusu saa. Cheti changu kilibaki ndani ya bahasha.

Kwa hiyo tunza kila rasimu, hata mbovu, na uitie tarehe. Kuna vibanda vya kuchapa vitakavyokuuzia ripoti ya utafiti iliyokwisha kuandikwa. Mwenzetu mmoja alinunua. Siku ya kuiwasilisha akaulizwa wakulima wake aliwachaguaje, akageuka kutazama dirisha. Alirudia mwaka.

Na Kiswahili usikidharau kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kiwe lugha rasmi, na tangu hapo mezani kwangu vijikaratasi vya Kiswahili vimeongezeka. Ukiomba kazi, ambatisha kurasa mbili tatu ulizoandika kwa kila lugha unayoimudu, na ukurasa wa juu kabisa uwe ule wenye mtu anayefanya jambo.