Kompresa ya AC imekufa? Pima klachi kwanza kabla hujatuma hela ya nyingine

Wakuu, niko Tabora, na mwezi wa 10 huku mnaujua ulivyo, ukipaki juani saa saba ukirudi usukani haushikiki. Gari yangu ni Carina ya zamani na AC yake ilianza kunizingua hivi: asubuhi natoka Kiloleni inapuliza baridi safi kabisa, nikizunguka mjini kama nusu saa inageuka upepo wa moto, jioni injini ikipoa inarudi tena. Fundi mmoja akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akasema "kaka hii kompresa imekufa, andaa laki tatu na nusu tuagize Dar ije na basi." Nilibaki kidogo tu nitume hela, maana wiki ile nilikuwa namfuata mama Sikonge na presha yake na joto haviendani.

Kilichonizuia ni swali moja tu, kompresa iliyokufa inafufukaje kila asubuhi? Iliyokufa ndani imekufa, haina asubuhi wala jioni. Kama yako inafanya kazi ikiwa ya baridi afu inagoma ikipata moto, kuna uwezekano mkubwa kompresa ni nzima na tatizo ni klachi yake, na hiyo unaitengeneza mwenyewe kwa spana namba 10 bila kufungua gesi hata kidogo.

Elewa kwanza inavyofanya kazi. Kompresa ni pampu inayosukuma gesi ya AC. Puli ya kompresa inazunguka muda wote injini ikiwaka, ila kompresa yenyewe haizunguki mpaka ile sahani ya chuma iliyo mbele ya puli ivutwe. Inayoivuta ni koili iliyojificha nyuma ya puli, ukiwasha AC inapata umeme wa volti 12, inakuwa sumaku, unasikia "tak", sahani imeganda kwenye puli na vyote vinazunguka pamoja. Sasa miaka inavyoenda ile sahani inalika, nafasi kati yake na puli inaongezeka, na koili nayo ikipanda joto kama nyuzi 60 hivi inapitisha umeme pungufu karibu moja ya tano. Sumaku imelegea na safari ya kuvuta imekuwa ndefu, sahani haifiki. Ndo maana asubuhi inavuta na mchana haivuti.

Ila kabla ya klachi maliza vitu vya bure. Angalia fyuzi ya AC, afu chomoa rilei yake (kile kiboksi kidogo kinachowasha na kukata umeme) ubadilishane na ya honi kama zinafanana. Halafu gesi, maana gesi ikipungua kuna swichi ya presha inakata umeme wa klachi kwa makusudi, na hapo kompresa inaonekana imekufa kumbe inalindwa. Vumbi letu la huku linasaidia sana kwenye hili, pita na tochi kwenye maungio ya mipira na kwenye kondensa (ile rejeta ya AC inayopoza gesi), mahali palipolowa oili na vumbi limeganda kama tope jeusi ndo panapovuja, paka povu la sabuni uhakikishe. Na tafadhali usiunganishe ile swichi moja kwa moja ili ilazimike kuwaka, oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi, ukiizungusha bila gesi unaiua kweli.

Hivyo vyote vikiwa sawa, subiri gari igome ikiwa ya moto, zima injini kabisa, toa ufunguo. Chomoa soketi ya waya ya kompresa, chukua waya wenye fyuzi kutoka chanya ya betri gusisha kwenye pini ya koili (ikiwa na pini mbili, ya pili peleka kwenye hasi). Usiposikia "tak", chukua kipande cha mti usukume sahani taratibu kuelekea kwenye puli huku umeme bado upo. Ikinata na kubaki imenata mpaka utoe waya, umeshapata jibu, nafasi imekuwa kubwa. Isiponata kabisa pima koili kwa mita, nyingi zinasoma kama om 3 mpaka 5, ikisoma imekatika basi koili ndo imeungua na inauzwa yenyewe bila kompresa. Narudia, injini iwe imezimwa, usipeleke mti wala mkono pale mkanda ukiwa unazunguka.

Kupima nafasi kitaalamu ni fila geji (vile vibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake), na kwa Toyota nyingi za zamani inatakiwa iwe kama milimita 0.35 hadi 0.65. Huna fila geji? Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama 0.1, ikunje ziwe tabaka nne unapata 0.4. Kadi ya benki ni 0.76, yangu ilipita kati ya sahani na puli bila kugusa popote, nilibaki nimeiangalia tu.

Sasa kazi yenyewe. Toa hasi ya betri. Shikilia sahani isizunguke, fungua bolti ya katikati, vuta sahani kwa mikono ukiitikisa huku na huku. Ikiwa imeng'ang'ania kwa kutu, weka oili ya kulegeza usubiri, usiitie bisibisi kwa nyuma wala usigonge na nyundo, ikipinda haitakaa sawa tena. Ikitoka angalia ndani ya kitovu chake au kwenye ncha ya shafti, kuna washa nyembambaaa kama ukucha, moja au mbili au tatu, na nyingine zimenata kwenye oili usipokuwa makini zinaanguka mchangani na hutaziona tena, tandika kitambaa chini. Toa moja iliyo nyembamba kuliko zote, safisha uso wa sahani na puli kwa msasa laini, rudisha, kaza, pima tena. Zungusha puli kwa mkono, lazima izunguke bila kukwaruza sahani sehemu yoyote, ikikwaruza umezidisha, rudisha washa. Mimi nilitoa moja tu nikapata karatasi nne zinazobana kidogo, na kazi nzima haikufika saa moja.

Kuna kesi ya kelele pia. Gari inapiga kelele hata AC ikiwa imezimwa, hiyo mara nyingi ni beringi ya puli, soma namba ubavuni ukanunue beringi peke yake. Kelele inayokuja AC ikiwashwa tu, hapo wasiwasi ni wa ndani.

Na kuna siku kompresa itakuwa imekufa kweli, tusidanganyane. Klachi inavuta lakini geji mbili za gesi, ya presha ya juu na ya chini, zinasoma karibu sawa, haisukumi. Hapo yuzidi (iliyotumika) inafaa ila chagua kwa mkono wako: izungushe katikati iende laini bila kukwama, ziba tundu kwa dole gumba usikie ikisukuma, hesabu mistari ya puli na linganisha soketi na miguu yake na ya kwako. Matundu yawe yamezibwa dukani, iliyokaa wazi imekunywa vumbi na unyevu. Chungulia oili ya ile ya zamani, ukiona inang'aa kama ina rangi ya fedha ni chuma kimesagika na kimesambaa kwenye mfumo mzima, lazima mabomba yasafishwe na draya (kichujio kinachonyonya unyevu kwenye gesi) iwe mpya, ukiruka hapo utazika na hii ya pili. Oili iwe PAG kama gari yako ni ya gesi ya R134a, sio oili ya injini.

Kabla ya gesi piga vakyumu, yaani pampu inyonye hewa na unyevu wote kwenye mfumo, nusu saa au zaidi, na hapa sisi wa Tabora tuna jambo letu. Tuko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,200, kwa hiyo geji huku haifiki inchi 29 za zebaki kama ilivyoandikwa kwenye maelekezo, ikifika karibu 26 pampu imemaliza, la maana ukiifunga mshale usirudi. Gesi ipimwe kwa mzani, gramu zimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Na mtu akikwambia ujaze gesi ya kupikia sababu ni rahisi, kataa kabisa, ile inawaka, na evaporeta (sehemu inayopoza hewa unayopuliziwa) iko ndani ya dashibodi mbele ya magoti ya abiria wako.

Kama hela haijapatikana bado, chomoa tu soketi ya koili ufungue vioo, puli itazunguka tupu na gari itatembea. Isipokuwa kama ni beringi ndo inayolia, hapo usianze safari ya Nzega wala Urambo, mkanda ukikatika kwa gari nyingi ndo huohuo unaozungusha altaneta au pampu ya maji.