AC ya gari la zamani kupuliza kidogo: kagua feni kabla ya gesi

Ukikwama kwenye foleni ya Kondele, Kisumu, saa nane mchana ndani ya Peugeot 504 au Mercedes W123, na AC inatoa upepo mdogo, usikimbilie kuongeza gesi. Gesi hupoza hewa, haiisukumi. Kama hewa inatoka baridi lakini haikufikii usoni, shida iko kwenye feni, evaporeta (kifaa kinachopoza hewa nyuma ya dashibodi) au mifereji ya hewa, na gesi ikizidi itaumiza kompresa, pampu ya gesi, bure.

Anza na umeme. Injini ikinguruma na feni ikiwa kasi ya mwisho, pima volti kwenye betri, kisha kwenye waya za feni yenyewe. Usiichomoe feni unapopima: isipovuta umeme, volti huonekana kamili hata kama waya umeoza. Betri ikisoma 13.8 na feni 11.5, volti zaidi ya mbili zinapotelea kwenye swichi na viungio vilivyochakaa. Funga rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme) ya ampea 30, vuta waya mpya wa milimita 4 za mraba kutoka betri, na weka fyuzi ya ampea 25 karibu kabisa na betri. Swichi ya zamani ibaki kazi ya kuamsha rilei tu kwenye kasi ya mwisho. Waya wa hasi nao uufunge kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma kionekane. Mafundi wengi husahau upande huu. Feni ikifanya kazi kwa kasi ya mwisho pekee, risista, kile kipunguza kasi ya feni, ndiyo imekatika.

Kama feni ilibadilishwa karibuni, hakikisha waya za chanya na hasi hazikupishana. Feni ya aina ya pipa ikizunguka kinyume bado hupuliza mbele, ila kwa unyonge, kwa hiyo kosa hili hujificha kwa miaka.

Sasa evaporeta. Magari haya hayana kichujio cha hewa ya ndani, hivyo vumbi la Nakuru, majani na nywele hunasa kwenye mapezi yake (vibati vyembamba) yaliyolowa na kugeuka matope. Toa feni umulike ndani kwa tochi. Safisha kwa brashi laini, ukifuata mapezi juu na chini, kisha suuza kwa maji ya polepole. Mashine ya kuoshea magari itayalaza mapezi na kuziba njia kabisa. Magadi ya kuzibua mabomba hula alumini. Zibua pia kimrija cha kumwagia maji chini ya gari. Kikiziba, maji hujaa kwenye kasha na zulia hulowa.

Milango midogo inayogawa hewa hupakwa sponji, nayo baada ya miongo hugeuka unga. Ukiona vipande vyeusi vikirushwa na feni, jua hewa inavuja kwenda miguuni au kwenye kioo. Kwangua mabaki, safisha kwa spiriti, bandika sponji isiyonyonya maji ya milimita 5 au 6. Kwenye W123 milango mingi huvutwa na vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa) kupitia vikebe vidogo, kwa hiyo kagua pia mipira ya vikebe hivyo: nyonya hewa kwa mdomo kupitia kimrija, ulimi ukiziba unapaswa kubaki umenasa.

Mifereji iliyochomoka nyuma ya dashibodi utaigundua kwa kijiti cha udi: kipitishe kwenye maungio feni ikiwa kasi ndogo, moshi utayumba penye mwanya. Ziba kwa tepu ya alumini. Tepu ya kitambaa huachia gundi yake kwenye joto.

Upepo ukianza vizuri mjini kisha ukafifia ukifika Ahero, na ukarudi baada ya kuzima AC dakika kumi huku feni ikiendelea, evaporeta inaganda barafu. Hapo tazama kihisi cha thamostati: kinapaswa kuzama katikati ya mapezi, na mara nyingi hukutwa kimechomoka kinaning'inia, kompresa isijue wakati wa kukatika.