Jinsi ya kuomba kundi la daimensheni kwa ripoti ya manunuzi, kwa matawi ya maduka Unguja na Pemba

Bosi akiuliza bati zilizoshuka Wete zimegharimu kiasi gani, na ngapi zimetoka Bara, ripoti ya kawaida ya Business Central, programu ya hesabu ya Microsoft, haikupi jibu. Lazima daimensheni, yaani alama za kupambanua kila ingizo kama tawi au asili ya mzigo, zikusanywe kwenye mwonekano mmoja wa uchambuzi wa manunuzi, na kazi hiyo tawi haliruhusiwi kuifanya. Unaomba kwa watu wa tehama makao makuu.

Fomu yenyewe si kitu: jina, tawi, sahihi ya mkuu wa fedha. Mkuu wa fedha mkamate asubuhi. Ijumaa ikishaadhiniwa utaambiwa "katoka kidogo", na kidogo hicho huishia Jumatatu.

Tabu inaanza kwenye kuchagua daimensheni. Mwonekano wa manunuzi unabeba 3 tu, ingawa ule wa leja kuu unabeba 4. Kila mkubwa atataka yake iingie: mradi, gari, mpaka jina la afisa manunuzi. Malizeni mabishano kabla fomu haijaondoka, maana ukibadilisha daimensheni baadaye, maingizo yaliyokwisha kukusanywa kwenye mwonekano yanafutwa na unaanza kuyakusanya upya. Mimi ningechukua TAWI (Darajani, Chake, Wete), ASILI (Bara, huku, nje) na KUNDI (saruji, bati, rangi). ASILI msiitupe: VAT ya kawaida Bara ni asilimia 18, huku 15, na mkaguzi akija ndiyo ataanza nayo.

Kwenye tarehe ya kuanzia andika ya nyuma ya kutosha. Yaliyotangulia tarehe hiyo hubanwa pamoja, huwezi tena kuyaona siku kwa siku. Ubanaji wa tarehe nao uombe uwe wa siku. Ukiwekewa wa mwezi, mzigo wa Jumanne na wa Alhamisi vitakuwa kitu kimoja.

Sasa lile lililotukalisha ofisini mpaka magharibi, jumla ikikataa kulingana na leja. Uchambuzi huu unasoma bidhaa tu. Nauli ya boti na ujira wa mahamali wa Mkoani, vikiingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya leja, havionekani kabisa, na bati la Pemba litaonekana lina bei sawa na la Darajani. Viingizeni kama gharama za bidhaa (Item Charge), mkizigawa kwenye mzigo husika. Watu wa tehama walijua. Hawakuulizwa, hawakusema.

Kwenye fomu hiyohiyo omba pia daimensheni ziwe za lazima kwenye kadi za bidhaa, la sivyo karani mwenye haraka ataziruka na ripoti itajaa mistari isiyo na tawi.

Ukijibiwa "tayari", usiamini bado. Bonyeza kusasisha mwenyewe, chukua ankara za shehena moja unayoijua, ulinganishe.